Gari la Mkate Limepata Mwenyewe

Tensta, Stockholm
Jumapili asubuhi, mwezi wa Mei

Mama Zuhura, mke wangu,

Assalaam alaykum. Nakuandikia nikiwa jikoni, chai ipo mbele yangu na dirisha liko wazi, jambo ambalo miezi mitatu iliyopita lingeniua. Mimi ni mzima. Kifua kilichonisumbua wakati wa baridi kimepona, na mwili umerudi mpaka suruali ya kaki imeanza kunibana. Wewe je? Lile jino uling'oa, au bado unalibembeleza kwa karafuu? Na Mama, miguu yake inaendeleaje na mvua hizi za masika? Zuhura ameshazoea chuoni, au bado analia mlangoni mpaka Maalimu anamchoka? Nijibu moja moja, tafadhali. Usinifanyie kama mara ile ulipoandika "wote wazima", halafu nikaja kusikia kwa watu kwamba Mama aliteleza kisimani.

Barua yako ya mwisho ilinifikia siku ya theluji iliyochanganyika na matope. Niliisoma nimesimama kwenye ngazi, koti sijavua. Uliandika kwamba katika kisanduku chako mna picha saba za gari na moja yangu, na hiyo moja nimesimama nyuma ya mlango wa gari, naonekana kichwa na mkono. Ukaandika kwamba watoto wenzake walipomwuliza Zuhura baba yake yukoje, aliwaonyesha picha ya gari. Nilicheka, sikufichi. Nilicheka peke yangu pale ngazini kama mwendawazimu, kisha nikaingia ndani, nikakaa kitandani na viatu vyangu vya matope, na kicheko kikaisha chenyewe.

Basi leo nina habari ya gari, na nakuomba usiikunje barua ukaitia mtotoni mwa meza kabla hujamaliza. Gari nimeliuza. Ndiyo, lile lile. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana mengine sikuwahi kukuambia.

Unajua kwamba lilikuwa gari la kugawia mkate, lakini hukujua kwa nini nililipata karibu na bure. Waswidi zamani walikuwa wakiendesha kushoto kama sisi. Mwaka wa sitini na saba, kabla sijafika, wakahamia kulia, nchi nzima kwa siku moja. Gari hili lilitengenezwa enzi za kushoto, na mlango wake mkubwa wa ubavuni uko kushoto. Zamani mgawa mkate alishuka akakanyaga kando ya barabara. Baada ya kuhama, akishuka anakutana uso kwa uso na basi. Kwa hiyo wakalitupa nyuma ya kiwanda likaota majani. Mimi nikaliona nikajisemea, hawa hawalitaki kwa sababu mlango uko upande mbaya, lakini kwetu huo ndio upande wenyewe! Nitalifanya nyumba, nitapita nalo Ujerumani na Italia, nitapanda meli mpaka Misri, nishuke Sudani na Kenya, niingie Horohoro mpakani napiga honi, na nikifika Tanga, pale Ngamiani, mlango ufungukie barazani kwetu.

Kazi yangu unaijua. Mchana kutwa nafunga makabati ya jiko katika majumba mapya wanayoyajenga huku kila upande. Mabaki ya mbao msimamizi alituruhusu kuchukua, na mimi nikayachukua yote. Nikang'oa rafu za mikate, nikatia sakafu, nikaziba ubavu kwa plaiwudi na pamba ya kuzuia baridi. Nikatengeneza kitanda kinachokunjwa kikawa kibaraza cha kukalia, na meza inayoshuka kutoka ukutani kwa bawaba. Makabati nikayatia komeo ndogo za mti ili vikombe visianguke kwenye kona. Juu ya kabati la vikombe nikachonga maua kama yale ya mlango wa nyumba ya babu kule Pangani. Madirishani nikatundika kanga uliyonitumia niifanye shuka. Kila nilipomaliza kitu nilipiga picha nikakutumia. Nilidhani nakupelekea furaha.

Mwezi wa pili nikapata barua ya wagawa nyumba. Baada ya miaka yote ya kupanga chumba kwa watu, nimepewa nyumba yangu hapa Tensta, vyumba viwili na jiko na kibaraza cha juu chenye jua. Nilipofungua mlango nikaenda moja kwa moja jikoni, na unaniamini? Yale makabati niliyafunga mimi mwaka juzi, niliyajua kwa skrubu moja niliyoipindisha nikaificha kwa rangi. Nikafungua milango yake yote nikaifunga. Yalikuwa matupu, nami nina sufuria moja. Siku ile ndipo nilipoamua kuuza gari, nipate nauli ya watu wangu.

Kuamua ni rahisi. Niliweka tangazo gazetini, na mtu wa kwanza akapiga simu kwenye karakana ninakoliweka gari akasema atakuja na mkewe Jumamosi, saa nne kamili. Mgeni anakuja, nifanye nini? Nilifanya ninavyojua. Nikaosha gari ndani na nje, nikatandika kibaraza, kisha nikawasha makaa kwenye chetezo, nikatia ule udi uliouviringisha kwenye kitambaa ukasema niutunze kwa siku njema, nikafunga mlango, nikauacha moshi ukae saa nzima.

Saa nne kamili, si dakika moja kabla, wakatokea. Bwana akafungua mlango, akavuta pumzi, akarudi nyuma hatua mbili.

"Liliungua lini?" akaniuliza.

"Halijaungua. Ni manukato hayo. Nimewafukizia nyinyi."

"Umefukiza ili kuficha nini?"

Mama Zuhura, miaka mitano nimekaa hapa, na Kiswidi nakisema mpaka naota nacho, lakini Kiswidi cha udi sikufundishwa. Ningemwambiaje mtu kwamba kwetu nyumba isiyonukia ndiyo inayotiliwa shaka? Akapiga magoti akanusa nyaya chini ya usukani. Akafunua godoro. Akagonga ubavu kila mahali. Mkewe hakuingia kabisa, alisimama nje ameziba pua kwa glovu. Wakaniaga kwa adabu sana wakaenda zao.

Wekesa alikuwa anatazama kutoka kwenye benchi la pale karakanani. Huyu ndiye yule Mkenya niliyekuwa nimepanga kwake Vårby gård, anayesafisha ndege kule uwanjani karibu na Märsta. Alicheka mpaka kofia ikaanguka.

"Sasa wewe ulikuwa unataka kumwuzia gari ama kumwoa?" akaniuliza. "Huyo mzee ameenda akijua umechoma mtu huko ndani. Ama bangi. Fungua hizo madirisha, bwana!"

Jumamosi iliyofuata wakaja vijana wawili, mvulana na msichana, nywele zao zinalingana urefu. Hao harufu iliyobaki waliipenda, wakaivuta kama chakula. Walitaka kwenda Bara Hindi. Bei hawakuwa na neno nayo. Lakini mvulana akasema watakifumua kibaraza walale chini kwenye sakafu, na yale maua ya kuchonga watayapaka rangi ya machungwa yaonekane vizuri. Nikawatazama. Nikawaambia samahani, nimesahau, gari nimeshamwahidi mtu mwingine. Mwongo mkubwa mimi. Wekesa alipojua hakucheka safari hii.

"Hamisi, wewe hutaki kuuza," akasema. "Sema tu hutaki, niache kupoteza Jumamosi zangu. Mimi niko na watoto nyumbani."

Akapanda zake basi, nami nikaingia ndani ya gari nikakaa kibarazani. Jua lilikuwa linapita kwenye kanga yako, na nikaanza kuhesabu mambo ambayo sikupenda kuyahesabu. Mwaka wa kwanza nilisema nitaondoka likipata jiko la gesi. Likapata jiko. Nikasema ngoja lipate tangi la maji. Likapata tangi. Nikasema komeo, nikasema maua, nikasema kabati la viatu. Ramani ya safari imekaa ukutani kwangu miaka mitatu na sijavuka na gari hata mpaka wa kaunti hii. Mbali kabisa nilikofika na gari hili ni ziwani kuvua na Wekesa, siku mbili, na mvua ikatunyeshea.

Nilikuwa naogopa, Mama Zuhura. Nalisema kama lilivyo. Nilingoja arobaini yako itoke nikapanda ndege, nikamwacha mtoto anayelala kutwa. Sasa anasema, anauliza, anawaonyesha wenzake picha. Na wewe nilikuacha binti wa kuniuliza mimi kila kitu, leo unasimama mbele ya darasa la kisomo unawafundisha shangazi zangu kuandika majina yao. Shangazi Mwanakombo aliniandikia mstari mmoja kwa mkono wake mwenyewe, herufi zimelala huku na huku, nikalia. Niliogopa nikifika nisiwe na cha kukuonyesha zaidi ya uso wangu. Basi nikawa natengeneza cha kukuonyesha, na kilikuwa hakiishi.

Siku ile nikafungua madirisha yote nikayaacha wazi mpaka Jumatatu. Nikaandika tangazo jipya kwa mkono, nikalibandika dukani na kwenye chumba cha kufulia cha kila jengo hapa Tensta. Safari hii niliandika wazi kwamba mlango uko kushoto.

Waliokuja ni wazee wawili, Bwana Gustaf na mkewe Bi Elsa. Bwana zamani aliendesha tramu, zile gari za reli zilizokuwa zikipita katikati ya mji. Bibi alikuwa mshonaji. Bwana alizunguka gari mara moja, akasimama mlangoni.

"Huu mlango uko upande mbaya," akasema.

"Ndiyo," nikamwambia. "Uko upande mbaya."

"Kwa Karin ndio upande mzuri," akasema mkewe, ambaye alikuwa ameshaingia na kukaa bila kungoja mtu. Karin ni binti yao, ameolewa Skotlandi, na huko bado wanaendesha kushoto. Ana mtoto ambaye wao hawajamwona. Bwana Gustaf haogopi kitu ila ndege, hapandi hata kwa kubebwa, kwa hiyo watapita na meli, watakaa ndani ya gari mbele ya nyumba ya mkwe wao kiangazi kizima, wasimsumbue mtu.

Bi Elsa alifungua kila kabati. Alipitisha kiganja chini ya meza, mahali ambapo wanunuzi hawaangalii, akakuta nimepiga msasa huko pia, akanitazama. Akagusa maua.

"Umetengeneza wewe?"

"Mimi."

"Na unaliuza kwa nini?"

"Mke wangu na binti yangu wanakuja," nikasema. Neno lilitoka lenyewe, Mama Zuhura, likatoka tamu sana.

"Lini?"

"Karibuni."

"Yeye mwenyewe amesema anakuja?"

Nikaanza kurekebisha komeo ambayo haikuwa na kasoro.

"Hujamwuliza," akasema. Hakuwa anauliza. "Gustaf alininunulia nyumba ya shamba bila kuniuliza. Nilikaa humo miaka tisa nikimnunia."

"Kumi," akasema mumewe kutoka nje.

"Kumi. Gari tunalichukua. Wewe nenda nyumbani ukamwulize mwenzio."

Wakalipa papo hapo. Bibi akataka na mapazia, nikamwambia gari lote ni lake isipokuwa hayo, hayo yana mwenyewe. Nikayatungua, ndiyo haya nimeyatundika hapa jikoni sasa hivi. Nikamwonyesha Bwana Gustaf gia ya pili inavyotaka kubembelezwa na kitanda kinavyokunjwa. Akaondoka nalo polepole, Bi Elsa ananipungia mkono dirishani kama bibi harusi. Nilidhani nitalia. Nikakuta ni njaa. Nikaenda kwa Wekesa nikamwomba radhi, nikala sahani mbili za wali wa mkewe, ya tatu nikakataa kwa aibu tu.

Sasa nikupe habari za huku bila kuzichonga, uamue ukijua.

Nyumba ni nzuri na ina joto, hata theluji ikijaa nje ndani unavaa kanga. Maji ya moto yanatoka ukutani. Chini kuna duka, shule iko ng'ambo ya uwanja, na basi la kwenda Spånga halichelewi. Lakini kuna miezi ambayo jua linachungulia tu halafu linaondoka, na mtu unaweza kukaa mlango kwa mlango na jirani mwaka mzima mkaishia kuitikiana kwa kichwa. Mimi nilianza kuwaamkia ngazini kwa lazima, na sasa wawili wananiitikia. Watoto wa Wekesa wanaelewa kila anachowaambia kwa Kiswahili, na kila kitu wanamjibu kwa Kiswidi. Anacheka, ila naona anavyoumia. Zuhura naye atakuwa hivyo tusipokuwa wakali.

Na wewe, darasa lako hutalikuta hapa. Kuna mafunzo ya lugha kwa wageni, asubuhi, akina mama wengi huenda, lakini mwanzoni utakaa upande wa wanaofundishwa, wewe uliyezoea kushika chaki. Hilo nimelifikiria sana na sina dawa yake. Naweza kukuambia tu kwamba nitakuwa nakaa na wewe mezani kila jioni, nami ni mwalimu mbaya mwenye subira. Nitakutengenezea rafu ya vitabu kabla hujafika, na nitaiacha wazi upande mmoja, wewe uje uniambie iishie wapi.

Ukiona hapana, nitakuja mimi. Fedha ya gari inatosha kwa mojawapo, na sitaona ni hasara. Sitaingia Horohoro nikipiga honi kama nilivyowatangazia watu. Nitakuja na sanduku moja na boksi la randa na patasi. Tanga kuna mbao, kuna watu wanaooa wanaotaka vitanda, na nadhani mikono yangu sasa inaweza kulisha nyumba popote. Watakaonicheka kwamba gari liko wapi, niachie mimi nitawajibu. Usiseme ndiyo kwa kunihurumia, wala usiseme hapana kwa kunikomoa, ingawa nastahili. Kaa na Mama mzungumze. Mwulize na Zuhura, ana haki yake katika jambo hili, ila usimwambie kwamba huku kuna theluji ya kuchezea, utakuwa umempendelea baba yake.

Nisalimie Mama yangu mzazi, mwambie dawa ya kuchua miguu nimempa mtu anayerudi, itafika kabla ya mwezi kwisha. Nisalimie wifi yako Mwajuma, na maandazi yake ninayaota. Nisalimie shemeji Bakari, fundi wa baiskeli, mwambie ile ahadi ya kumpa usukani tukiingia mjini imevunjika na anisamehe. Shangazi Mwanakombo mwambie mstari wake nimeubandika ukutani hapa jikoni, mahali nilipokuwa nimetundika ramani ya safari. Maalimu wa chuo mpe salamu na pole. Zuhura mbusu. Ndani ya bahasha hii kuna picha, na humo sina gari wala mlango. Nimepigwa studio, shingo imekakamaa na tai ni ya Wekesa, lakini ni mimi mzima kuanzia nywele mpaka viatu.

Jana nilikwenda ofisi ya ndege mjini. Binti wa pale aliniuliza aandike tiketi za watu wawili kuja Stockholm, au ya mtu mmoja kwenda Dar es Salaam. Nikamwambia aache wazi kwanza. Akasema hawaandiki hivyo, lazima iwe huku au kule. Nikamwambia basi angoje, maana mwenye kujua hajaulizwa, na ni miaka mitano hajaulizwa.

Sasa nimekuuliza.

Mumeo,
Hamisi, Baba Zuhura